Dawa Juu ya Dawa

Wahenga walisema: dawa ya moto ni moto. Neno hilo lina maana yake kwa mambo mengine, lakini watu wengi wamelipeleka hata katika kunywa dawa. Kidonge cha kwanza kikileta taabu, wanatafuta kidonge cha pili cha kuondoa taabu ile. Cha pili nacho kikileta taabu, wanatafuta cha tatu. Mwisho mzee wa watu ana mfuko mzima wa vidonge, na hali yake ni mbaya kuliko siku ile alipoanza. Tunataka kusema leo juu ya jambo hilo, maana tunaliona mara nyingi katika nyumba za wazee tunaowatembelea, sisi tunaofanya kazi katika kituo cha afya cha parokia, pamoja na wenzetu wa Legio ya Maria.

Kwanza tuseme wazi, mtu asije akatuelewa vibaya. Hatutaki kuchafua jina la dawa wala jina la waganga wa hospitali. Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, kinatufundisha kumheshimu mganga na kutozidharau dawa, kwa kuwa Mungu mwenyewe ndiye aliyezitoa katika udongo. Ni watoto wangapi waliopona malaria kwa dawa? Ni wazee wangapi wanaokaa na wajukuu wao leo kwa sababu ya kidonge kimoja cha tansio wanachomeza kila asubuhi? Basi dawa ni zawadi. Lakini ni zawadi yenye makali kama panga. Panga linafyeka shamba, na panga hilo hilo linaweza kumkata mguu mwenye shamba.

Wazee wetu wa zamani walijua hayo kwa habari ya kinini. Mtu aliyemeza kinini kwa ajili ya homa alisikia masikio yake yakivuma kama nyuki. Je, alikimbia kutafuta dawa ya masikio? Hapana. Alisema, “Ni kinini hiyo,” akangoja. Siku zile dawa zilikuwa chache, na kila mtu alijua tabia ya kila dawa kama anavyojua tabia za jirani zake. Siku hizi dawa ni mamia, zinauzwa katika farmasi za kila njia, hata sokoni kando ya chumvi na sabuni, na majina yake hatuwezi kuyasoma. Tumepata dawa nyingi, lakini neno lile la wazee, “Ni kinini hiyo,” tumelisahau.

MAPOROMOKO

Mwaka 1997 waganga wawili, Paula Rochon wa Kanada na Jerry Gurwitz wa Marekani, waliandika juu ya jambo hili katika gazeti la waganga linalochapwa Uingereza. Walilipa jina la maporomoko. Sisi watu wa Kongo tunaelewa jina hilo upesi. Karibu na Kisangani mto wetu mkubwa unateremka katika maporomoko ya Boyoma. Nayo si moja, ni saba, yanafuatana kwa kilometa 100 hivi. Mtu akisimama kwenye lile la mwisho, pale Wagenya wanapovua samaki kwa mitego yao mikubwa, anaona maji na povu mbele ya macho yake. Lile la kwanza haoni kabisa, liko mbali. Hata hivyo maji ni yale yale.

Ndivyo ilivyo kwa mgonjwa. Anapewa dawa ya kwanza. Dawa inaleta alama mpya mwilini. Watu wanadhani alama ile ni ugonjwa mpya, nao wanampa dawa ya pili. Ya pili inaleta alama nyingine, inaitwa tena ugonjwa, inatibiwa kwa dawa ya tatu. Yule anayempokea mgonjwa mwishoni anaona poromoko la mwisho tu. Kama hakuuliza njia ambayo maji yamepita, atatoa dawa ya nne kwa nia njema kabisa.

Na kwa nini hasa wazee? Kwa sababu mwili wa mzee haukai na dawa kama mwili wa kijana. Figo ndizo zinazotoa dawa nyingi nje ya mwili, na figo za mtu wa miaka 80 mara nyingi zinafanya karibu nusu tu ya kazi zilizofanya ujanani. Dawa inayotoka upesi kwa kijana inakawia kwa babu yake. Diazepamu, ile dawa ya usingizi, ni mfano mzuri: kijana wa miaka 20 anahitaji karibu siku moja ili nusu ya dawa itoke katika damu yake, lakini mtu wa miaka 80 anaweza kuhitaji siku tatu au nne. Akimeza kila jioni, cha leo kinakuta cha jana na cha juzi bado vimo ndani. Tena mzee ana magonjwa mengi pamoja, anakwenda kwa waganga wengi, na kila mmoja anaona sehemu yake. Na zaidi ya hayo, taabu yo yote ikimpata, sisi tulio karibu naye tunasema, “Ni uzee tu.” Neno hilo linafunga mlango wa kuuliza.

HABARI YA MWALIMU MMOJA

Tunataka kuwapa habari ya mzee mmoja tunayemjua. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka mingi, akastaafu, na mwaka 2022 alikuwa na miaka 76. Jina lake hatulitaji, wala jina la mahali alipotibiwa, maana habari yenyewe inatosha.

Magoti yalimwuma. Akaanza kununua diklofenaki sokoni, kidonge asubuhi na kidonge jioni, kwa miezi mingi. Maumivu yalipungua, naye alishukuru. Lakini dawa za namna hiyo, yaani diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake, zinazuia figo zisitoe chumvi na maji vizuri, na kwa wazee wengi tansio inapanda. Mwaka 1994 Gurwitz na wenzake walionyesha huko Marekani kwamba wazee waliokunywa dawa hizo walianzishiwa dawa za tansio mara nyingi zaidi kuliko wenzao wasiozinywa. Mwalimu wetu hakujua habari hiyo. Alikwenda kupimwa kwa sababu kichwa kilimwuma, wakakuta tansio imepanda sana. Wakampa amlodipini. Hakuna aliyemwuliza juu ya diklofenaki, naye hakusema, kwa kuwa machoni pake dawa ya sokoni haikuwa dawa ya kumwambia mganga.

Amlodipini ni dawa nzuri ya tansio, lakini inapanua mishipa midogo ya damu, na kwa watu wengine maji yanapenya na kukaa katika vifundo vya miguu. Kidonge kikubwa kinaleta uvimbe kuliko kidogo. Tansio ya mwalimu haikushuka sana, maana diklofenaki iliendelea kuisukuma juu kila siku. Wakaongeza amlodipini. Miguu ikavimba hata viatu vya kanisani vikakataa kuingia. Katika farmasi moja wakampa furosemidi ili akojoe maji yale. Lakini uvimbe wa amlodipini hautoki kwa maji kuzidi katika mwili wote, na kwa hiyo dawa ya kukojoa inauondoa kidogo tu. Kazi iliyofanya kwa hakika ni kumwamsha usiku mara nne, mara tano. Choo kilikuwa nje. Akawa na kizunguzungu, akaanguka mara mbili. Kwa kuwa halali tena, mtu mmoja wa huruma akamletea prometazini ya usingizi.

Na hapo wasomaji wetu watuelewe vizuri, maana hapo ndipo taabu ya tumbo na miguu ilipogeuka kuwa taabu ya kijiji. Dawa kama prometazini zinaweza kuvuruga akili za mzee, hasa usiku. Mwalimu akaanza kusema na watu wasiokuwapo. Akaonekana saa nane ya usiku akizunguka uwanjani, akiita majina ya wanafunzi wa zamani. Mwezi ule ule mtoto wa jirani alikufa kwa homa. Basi maneno yakaanza. “Mzee huyu anatembea usiku kwa kazi gani?” Neno mlozi likasemwa kwanza kwa sauti ndogo kisimani, halafu kwa sauti kubwa sokoni. Mjukuu aliyekuwa akilala katika chumba chake akahamishwa. Watu wa ukoo wakakusanya franka za kumpeleka kwa mfumu, wengine wakataka apelekwe katika nyumba ya sala afungiwe bila chakula mpaka aungame.

Ninyi nyote mnajua mambo yanayoweza kufuata katika nchi yetu neno hilo likisemwa juu ya mzee. Wazee wamefukuzwa nyumbani mwao, wamepigwa, hata wameuawa. Mwalimu huyu aliyewafundisha nusu ya kijiji kusoma alikuwa karibu kuuawa kwa ajili ya vidonge vinne.

Aliyemwokoa ni binti yake. Alikataa mfumu, akachukua mfuko wa plastiki wenye dawa zote, akampeleka baba yake hospitali ya mbali kidogo. Mganga kijana aliumwaga mfuko mezani. Hakuuliza kwanza, “Baba, unaumwa wapi?” Aliuliza, “Baba, ipi ilikuja kwanza?” Kisha akaandika kwa mstari: magoti, diklofenaki, tansio, amlodipini, miguu, furosemidi, usingizi, prometazini. Akamwonyesha binti karatasi. Kila ugonjwa mpya ulikuwa umeingia nyuma ya dawa mpya.

Wakapima damu kujua hali ya figo. Diklofenaki na prometazini wakaziondoa, furosemidi pia, na amlodipini wakairudisha kwenye kipimo kidogo. Kwa magoti wakampa parasetamoli, na kumwagiza kutembea kila siku na fimbo. Hayakuisha kwa siku moja. Baada ya siku chache akili zikarudi, baada ya majuma kadhaa miguu ikapungua, na tansio ikatulia kwa kidonge kimoja. Magoti bado yanamwuma, tusidanganyane. Lakini ana akili zake, naye anakwenda Misa kwa miguu yake.

Tuseme pia lililobaki. Mjukuu alirudi chumbani baada ya miezi kadhaa. Jirani aliyefiwa na mtoto hakurudi kumsalimu. Dawa mbaya inaweza kutoka mwilini kwa siku chache, lakini neno mlozi halina figo za kulitoa. Ndiyo sababu tunaandika.

MIFANO MINGINE

Maporomoko si ya namna moja. Enalaprili na dawa za jamii yake, zinazotumika kwa tansio na kwa moyo, zinaweza kuleta kikohozi kikavu. Kati ya watu 100, 10 hivi wanaweza kukipata. Kinaweza kuanza baada ya majuma au miezi, hata mtu haoni kiungo kati ya kidonge na kikohozi. Anapewa maji ya kikohozi, anapewa antibiotiki, anapelekwa kupimwa kifua kikuu, na watu wa nyumbani wanatenga kikombe chake. Kupima kifua kikuu ni vizuri, wala tusiache. Lakini na swali la dawa liulizwe.

Metoklopramidi inatolewa kwa kutapika. Kwa mzee ikiendelea siku nyingi inaweza kuleta kutetemeka kwa mikono na ugumu wa viungo, hata watu wanadhani ni ugonjwa wa Parkinson. Huko New Jersey, Marekani, uchunguzi uliotangazwa mwaka 1995 ulikuta kwamba wazee waliokunywa metoklopramidi walianzishiwa dawa ya Parkinson mara tatu kuliko wengine. Mwaka 2013 wakubwa wa mambo ya dawa katika Ulaya walishauri isitolewe zaidi ya siku tano.

Deksametazoni na prednisoloni zinapandisha sukari ya damu na tansio. Watu wengine wanazinunua ili wanenepe tu na kupata hamu ya kula. Baadaye wanaambiwa wana ugonjwa wa sukari, wanaanza dawa za sukari, na hakuna anayejua kwamba kidonge cha kunenepa kimo bado chini ya mto.

TUFANYE NINI?

Kwanza kabisa: mtu asiache dawa zake kwa nguvu zake mwenyewe baada ya kusoma makala hii. Tunarudia neno hilo kwa sababu linaweza kuokoa maisha. Dawa za tansio, za moyo, za sukari, za kifafa, za kifua kikuu na za ukimwi zinahifadhi uhai. Prednisoloni iliyonywewa muda mrefu ikikatwa ghafula inaweza kumwangusha mtu hata kufa. Kazi yetu ni kuuliza, na kazi ya mganga ni kuamua.

Pili: mzee anapokwenda kwa mganga, aende na mfuko wake wote. Aweke humo vidonge vya hospitali, vya farmasi, vya sokoni, vile alivyotumiwa na mtoto wa Lubumbashi au Bukavu, na mizizi na majani pia. Asione haya. Mganga hawezi kupima kitu asichokiona.

Tatu: mtu mmoja wa nyumbani anayejua kuandika ashike daftari. Aandike jina la dawa, ni ya ugonjwa gani, vidonge vingapi, na siku ilipoanza. Siku ya kuanza ndiyo inayosahauliwa, nayo ndiyo inayofumbua fumbo. Na taabu mpya ikitokea, iandikwe na tarehe yake karibu na dawa.

Nne: kabla ya kukubali dawa mpya kwa taabu mpya, aulize kwa adabu: “Mganga, taabu hii haiwezi kuwa imetoka katika dawa ninayokunywa?” Swali hilo si matusi. Mganga mwema hufurahi, maana mgonjwa amemsaidia kuangalia nyuma hata poromoko la kwanza.

Tano: mzee akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akianguka, akitembea usiku, tutafute mfuko wa dawa mbele ya kutafuta mlozi. Yawezekana kuna homa pia, au sukari imeshuka, au maambukizo ya mkojo. Hayo yote yana majina, yanapimwa. Katika shirika zetu, mtu akileta neno la ulozi juu ya mzee, mkubwa wa shirika amwulize, “Amemeza nini?” kabla hajamwuliza, “Amemroga nani?”

Katika Injili ya Marko, sura ya 5, tunasoma habari za mama mmoja aliyeteswa miaka 12. Alikwenda kwa waganga wengi, mali yake ikaisha, wala hakupata nafuu, bali hali yake ilizidi kuwa mbaya. Bwana wetu alisimama katikati ya umati wa watu, akageuka, akauliza ni nani aliyemgusa. Wanafunzi waliona swali hilo ni la bure. Lakini alitaka yule mama aseme habari yake yote toka mwanzo, naye akaisema mbele yake. Wazee wetu wengi hawajapata mtu wa kusimama na kuwasikiliza namna hiyo. Wamepata watu wengi wa kuwapa vidonge.

Amri ya nne inatuagiza kuwaheshimu baba na mama. Tukiwa watoto, heshima ilikuwa kutii na kuchota maji. Wakizeeka, ina kazi nyingine, nayo Yoshua bin Sira anaikumbusha katika sura ya 3, anapotuonya tusimdharau baba ambaye akili zake zimepunguka. Siku hizi tunaweza kuifanya amri hiyo kwa daftari la franka chache na kalamu. Basi jioni ya leo, baada ya sala, mwombe mzee wako mfuko wake wa dawa. Umwage mkekani, ukae chini karibu naye, umwulize kwa upole: “Baba, mama, ipi ilikuja kwanza?” Halafu usikilize mpaka mwisho.